Jua la Saa Tatu Usiku

Kuna maneno yalifika kwetu Sindo, kando ya ziwa, mwezi wa tano mwaka jana. Yaliniingia kichwani yakakataa kutoka.

Ati wasichana wetu wanaosema wako Ulaya, hawako Ulaya.

Ati wamefungiwa kwenye jumba moja huko mbali, hata wenyewe hawajui ni nchi gani. Wakitaka kuwapigia mama zao simu ya video, wanasimamishwa mbele ya pazia kubwa lenye picha ya mji wa Ulaya. Nyuma ya simu kuna mtu. Msichana anaambiwa, cheka. Anacheka. Anaambiwa, sema umekula. Anasema amekula.

Mama huku anafurahi, anaonyesha majirani.

Mimi nilikuwa na msichana huko.

Nimesoma mpaka darasa la nane tu, kwa hivyo mahali nitakosea mnivumilie. Lakini someni mpaka mwisho. Hasa wewe mwenye watoto wawili wa kike, mmoja ng'ambo na mmoja nyumbani.

Kazi yangu ni kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Boti zikifika asubuhi nanunua, naanika kwenye neti juu ya mchanga, nageuza, naanua kabla jua halijaingia ziwani. Baba ya watoto alifariki, na kazi hiyo ndiyo imewalea.

Mtu wa omena haangalii saa. Anaangalia jua. Na jua la kwetu halina mchezo. Asubuhi karibu saa moja limetoka, jioni karibu saa moja limeingia. Mwaka mzima, hata mvua inyeshe.

Kifungua mimba wangu, Adhiambo, aliondoka mwisho wa mwezi wa nne kwenda Finland. Alipata nafasi ya kusomea kuhudumia wazee, huku akifanya kazi hiyo hiyo. Mji wake unaitwa Oulu.

Mimi Finland sikuwa nimewahi kuisikia. Nilijua Uingereza, Amerika na Uarabuni. Basi.

Kwa hivyo niliuliza. Kila akipiga simu, niliuliza.

"Hiyo nchi ikoje?"

"Miti, mama. Miti na maziwa. Maziwa madogo madogo, lakini ni maelfu."

"Na watu?"

"Hawaongei! Kwa steji ya basi kila mtu anasimama mbali na mwenzake. Ukisalimia mtu usiyemjua anashtuka."

"Wamekasirika?"

"Hapana. Ndivyo walivyo. Ukizoeana nao ni watu wazuri sana."

"Samaki wanakula?"

"Wanakausha kwa moshi kama sisi."

Hapo moyo ulitulia. Watu wanaokausha samaki kwa moshi siwezi kuwaogopa.

Alikuwa anatuma picha. Kanisa jeupe la Helsinki, mji wao mkuu, limekaa juu ya ngazi nyingi, lina paa za kijani. Soko la Oulu, kando ya bahari. Hapo sokoni kuna sanamu ya polisi mnene, kitambi mbele, mikono nyuma.

Mourine, mdogo wake Adhiambo, aliangalia hiyo sanamu akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu amekula hongo ya nchi nzima!"

Mourine alikuwa amemaliza form four, yuko nyumbani ananisaidia kugeuza omena. Tulikuwa tunajifunza Finland sisi wawili kama watu wanaojiandaa kwa mtihani. Nilikuwa na raha.

Ndipo Jerusha akaniletea yale maneno ya pazia.

Jerusha anaanika karibu na mimi. Si mtu mbaya. Alisema akiangalia chini, akiniita mama Adhiambo kwa Kijaluo.

"Min Adhiambo, sikutaka kukuambia. Lakini ningenyamaza, ungekuja kuniuliza."

Tangu siku hiyo, kila kitu Adhiambo alisema kilibadilika sauti masikioni mwangu.

Aliniambia wenzake kazini wanamtayarisha kwa msimu wa baridi. Kwamba maji yanaganda, bahari na maziwa yanakuwa magumu, na magari yanapita juu.

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Nimezika watu waliokufa kwa hilo ziwa.

"Gari? Juu ya maji?"

"Ndiyo mama, wameniambia."

Nilipomwambia Jerusha alipiga makofi. "Yawa! Hata uongo wenyewe wamemwandikia vibaya."

Siku nyingine Adhiambo akasema amepelekwa na mwalimu wake kwenye chumba cha mbao chenye joto kali, wanawake wamekaa humo pamoja bila nguo, wanamwagia mawe maji, wanatoka jasho, wanaongea mambo yao. Ati ni desturi, kila nyumba inacho.

"Bila nguo?"

"Wanawake peke yao, mama. Ni kama kuoga."

Mtu gani anamvua mtoto wangu nguo na kumfungia kwenye chumba cha moto?

Halafu kulikuwa na pazia lenyewe.

Kila nikimpigia jioni, nyuma yake kulikuwa na kitambaa cheusi, kizito, kimeteremshwa mpaka chini. Mara ya kwanza sikukiona. Baada ya maneno ya Jerusha, sikuona kingine.

Jioni moja tumeshakula, taa imewashwa, nje giza limeshika. Saa tatu usiku. Nikamwambia, "Adhi, fungua hilo pazia."

"Mama, nikifungua sitalala."

"Kwa nini?"

"Mwanga ni mwingi."

"Fungua."

Akafungua.

Jua lilikuwa linawaka. Si mwanga wa stima. Jua lenyewe, la kupiga mtu usoni. Adhiambo aliweka mkono machoni.

"Huko ni saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tatu. Saa za huku ni sawa na za huko siku hizi."

Mourine aliniangalia. Mimi nikamwangalia.

Saa ni ile ile, huku giza, huko jua la kuanika omena. Mtoto wangu, niliyemfundisha kusema ukweli kwa kiboko na kwa maombi, alikuwa ananitazama na kuniambia uongo ambao hata mtoto mdogo wa Sindo angeukataa.

Nikajua. Yuko mahali pengine. Kuna mtu nyuma ya simu.

Asubuhi Jerusha aliniambia kuna kijana anakuja ufuoni kununua omena kwa magunia. Anaitwa Cliff. Ati ameishi Ulaya, anajua hayo mambo.

Cliff alikuwa kijana msafi, mwenye adabu. Aliinama kunisalimia. Aliniita mama. Nilimweleza yote na hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza, akatikisa kichwa polepole.

"Mama, Ulaya mimi nimekaa miaka. Ulaya ni lami na ghorofa. Miti? Miti iko Congo."

"Na jua?"

"Jua ni moja duniani. Likizama limezama. Nani atabaki na lake?"

"Na gari kupita juu ya maji?"

Hapo alicheka kidogo, cheko la huruma. "Mama, wewe ni mtu wa ziwa. Unaniuliza mimi?"

Baada ya wiki nzima ya mambo yasiyoeleweka, huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kitu kinachoingia akilini.

Niliuliza itanigharimu nini kumtoa mtoto wangu.

"Hata shilingi, mama. Mimi nina dada pia."

Tumefundishwa kwamba tapeli anaomba pesa. Huyu hakuomba. Na kwa sababu hakuomba, sikumwogopa.

Alichotaka ni Mourine.

Alisema kesi kama hizi zinapelekwa kwenye ubalozi wa Finland ulioko Dar es Salaam. Lazima aende ndugu wa damu, wa tumbo moja, atambue picha na apimwe damu. Si mama. Mama akionekana, wale watu wanajua siri imetoka, wanamhamisha msichana usiku huo huo.

Akaniwekea masharti. Nisimwambie mtu. Nisiende polisi, kwa sababu polisi ndio wanaouza habari. Na niache kuongea na Adhiambo, kwa sababu kila tunachosema kinasikika.

Nikablock namba ya mtoto wangu.

Tuliondoka Sindo mapema, mimi na Mourine, tukapitia Magunga na Sori mpaka Migori. Cliff alikuwa anatungoja kwenye petroli stesheni moja nje ya mji, na gari lake, Probox nyeupe. Alichukua simu ya Mourine, akaizima, akaiweka mfukoni mwake. Ati isifuatwe.

Halafu akamwambia mbele yangu, "Mourine, sikiza. Hawa watu wana mikono mirefu. Mtu yeyote akikuambia urudi, hata kama ni mama yako mwenyewe, ujue amelazimishwa. Usitoke kwa gari."

Mourine akaniangalia.

Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mimi mwenyewe.

"Nenda, nyathina, mtoto wangu. Mlete dada yako."

Gari likashika barabara ya Isebania, kuelekea mpakani.

Ningeenda moja kwa moja nyumbani, nisingekuwa naandika haya. Lakini miguu ilikataa. Nikaenda sokoni kwa dada yangu Helen, anayeuza nafaka, nikae kidogo nipoe.

Helen hata hakunisalimia.

"Wewe! Adhiambo analia kila siku kwangu. Kwa nini umemblock mtoto?"

Nikakaa juu ya gunia bila kumwangalia.

"Nakuuliza. Amekukosea nini?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi. Helen alisikiza akiwa amesimama. Nilipofika kwa ubalozi wa Dar es Salaam, akaniinulia mkono.

"Ubalozi wa Finland uko Nairobi. Mimi ndiye nilimsindikiza Adhiambo kufuatilia viza. Watu wavuke mpaka kutafuta nini Tanzania?"



Akachukua simu yake, akampigia Adhiambo kwa video. Mtoto akashika mara moja.

"Mama? Mama, ni wewe? Nimekufanyia nini?"

Nikakaza moyo. Nilikuwa bado naamini pazia.

"Toka nje," nikamwambia.

"Nini?"

"Kama hujafungwa, toka nje. Usikate simu. Tembea."

Hakuuliza tena. Alivaa viatu. Nikaona mlango. Nikaona ngazi. Nikaona mlango mwingine, na mtu hakumzuia. Nikaona barabara na watu wengi kwenye baiskeli, hata mama wa rika langu, amevaa kofia ya chuma.

"Endelea."

Alitembea. Nikaona miti, miti kweli, imesimama katikati ya mji kana kwamba hakuna aliyewaambia watu hao wakate. Nikaona steji ya basi, na watu watano wamesimama mbalimbali kama nguzo za ua. Nikaona maji. Nikaona soko.

Nikamwona polisi mnene. Adhiambo akaenda akamgonga kitambi na ngumi. Kikatoa mlio wa chuma. Pazia halilii.

"Mwambie mtu yeyote aongee na mimi."

Alimsimamisha mwanamke mwenye mbwa. Mwanamke alishtuka kabisa, akarudi nyuma. Adhiambo akamweleza kwa Kiingereza. Yule mwanamke akainama kwenye simu, akapunga mkono, akasema kitu kifupi, akaenda zake haraka kama mtu aliyechomwa.

"Mama," Adhiambo akasema, pumzi imemwisha, "huku ni juu kabisa ya dunia. Mwezi wa sita jua linakaa mpaka karibu saa sita usiku. Ungeniuliza tu. Ningekuonyesha mpaka lizame."

Helen alikuwa ananiangalia.

"Mourine yuko wapi?" akauliza.

Nikampigia. Namba ya Mourine ilikuwa imezimwa. Nikaanza kutafuta namba ya Cliff, Helen akanishika mkono.

"Usimpigie ukilia. Ukilia atakimbia. Mpigie ukicheka."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nina msichana."

Helen hana msichana. Amezaa wavulana watupu.

Akaweka simu yangu kwa spika. Cliff akashika.

"Mama, si tulikubaliana usipige?"

"Pole, mwanangu. Nimefika kwa dada yangu hapa Migori. Msichana wake mkubwa yuko Qatar, na yeye ameingiwa na wasiwasi kama mimi. Ana mwingine hapa nyumbani. Anauliza kama unaweza kumchukua huyo pamoja na Mourine."

Nikasikia gari likipunguza mwendo.

"Huyo wa nyumbani ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Ameolewa?"

"Bado."

"Mwembamba ama mnene?"

Helen alijishika mdomo.

"Wa kawaida tu," nikasema. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Mlete. Tuko hapa Mabera, nitawangoja. Lakini haraka, mama, kuna watu wananingoja mbele."

Akakata.

Hakuuliza jina la yule wa Qatar. Hakuuliza kama yuko hai.

Kuna kijana wa boda anayembebea Helen magunia, anaitwa Ryoba, Mkuria wa Kehancha. Helen alimwita kwa mkono, akamweleza kwa maneno machache. Ryoba hakuuliza nauli. Alikuwa tayari anaongea kwa simu na wenzake wa Mabera.

"Probox nyeupe. Msichana amevaa nini, mama?"

"Gauni la kijani."

"Gauni la kijani. Msipige mtu. Zuieni gari tu."

Tulipanda wawili nyuma yake, mimi na Helen. "Mama, shika mimi vizuri," akasema, na kutoka hapo sikumbuki barabara. Nakumbuka naomba Mungu kwa lugha zote ninazojua.

Mabera, boda zilikuwa zimezingira ile Probox mbele na nyuma. Vijana wametulia juu ya pikipiki zao. Cliff ameegemea gari, mikono kifuani, hana wasiwasi.

Mourine alikuwa ndani, kiti cha nyuma. Nikakimbia nikagonga kioo.

"Mourine! Toka nje, twende nyumbani!"

Aliniangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Halafu akabonyeza kitasa, mlango ukajifunga.

"Mama, najua wamekulazimisha," alisema nyuma ya kioo. "Usiogope. Nitamleta Adhiambo."

Nimejifungua mara mbili na nimezika mume. Uchungu wa kioo kile ulikuwa mwingine.

"Mourine, Adhiambo yuko salama! Nimemwona!" Nikamwekea simu ya Helen kwenye kioo, Adhiambo amepigiwa tena, yuko hewani, analia, anamwita jina.

Mourine akafunga macho. "Usinionyeshe, mama. Najua habari ya pazia. Wewe ndiye uliniambia."

Cliff akawageukia vijana wa boda.

"Mmejionea. Msichana ni mtu mzima, ana kitambulisho, anasafiri kwa hiari yake. Huyu mama amesumbuka akili, ni vile hatukutaka kumuaibisha. Hebu tupisheni."

Vijana wakaanza kuangaliana. Mmoja akawasha pikipiki. "Ryoba, hii ni mambo ya familia, maze."

Askari wa kike aliyekuwa kwenye kizuizi cha barabara akaja kuona kuna nini. Akamwambia Mourine ateremshe kioo.

"Umelazimishwa kuingia hapa?"

"Hapana, afande."

"Huyu ni mama yako?"

"Ni mama. Lakini leo si yeye anaongea."

Afande alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumwambia mtu nenda nyumbani upumzike.

Cliff akafungua mlango wa dereva, akaingia.

Mimi sijui ni nini kilinipeleka upande wa pili. Mlango wa mbele wa abiria haukuwa umefungwa. Nikafungua, nikaingia, nikakaa, nikafunga mkanda.

"Basi twende," nikasema.

"Mama, shuka."

"Sishuki. Damu wanayotaka kupima ni yangu. Twende nayo."

"Gari haina nafasi."

"Nafasi si ni hii nimekalia?"

Vijana wakacheka. "Washa gari, bosi! Mama amekubali safari!"

"Tulisema wewe ubaki," Cliff akasema kwa meno.

"Nimebadilisha mawazo. Washa."

Simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama, akaikata. Ikalia tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Nyuma yangu Mourine akasema polepole, "Kaka Cliff, mama akienda kuna ubaya gani? Si ni ubalozini tu na ni sisi wenyewe?"

"Hawezi."

"Kwa nini?"

"Nimesema hawezi!"

"Lakini kama ni damu, ya mama si..."

Cliff akapiga usukani na kiganja.

"Huyu mzee ataenda kufanya nini? Wale watu hawachukui wa umri wake!"

Ile pikipiki iliyokuwa inanguruma ikazimwa.

"Hawachukui?" Mourine akauliza. "Si tunaenda kumtoa Adhiambo? Ni nani anayechukua?"

Cliff alishika ufunguo kuwasha gari.

Nikasikia kitasa cha nyuma kikifunguka.

Afande alikuwa ameshafika kwenye mlango wa dereva, na mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo.

Kesi iko kortini, kwa hivyo sitasema mengi kumhusu Cliff. Hata hilo jina si lake.

Lakini kuna jambo moja lazima mlijue.

Pale kituoni afande aliniuliza habari ya pazia nilipata wapi. Nikasema kwa Jerusha. Jerusha akaitwa. Alikuja analia, amefunga leso kiunoni kama mtu wa msibani. Yeye aliisikia wapi?

Kwa yule mnunuzi wa omena.

Wakauliza Sori. Wakauliza Mbita, wakauliza fuo za Rusinga. Kila mahali maneno yalikuwa yale yale: jumba, pazia, cheka, sema umekula. Na kila mahali yalikuwa yameletwa na kijana msafi anayenunua omena na kuuliza kwa upole ni akina mama gani hapa wana mtoto ng'ambo.

Pazia halikuwahi kuwepo. Hakuna msichana aliyesimamishwa mbele yake. Yeye ndiye aliyelitunga, akalitembeza ufuo hadi ufuo, halafu akarudi kama msaada.

Na mimi ndiye niliyemkatalia mtoto wangu kila neno la kweli kwa sababu lilikuwa geni. Jua, barafu, chumba cha joto, watu wasiosalimiana. Yote ni kweli. Cliff alinipa Ulaya niliyokuwa nayo tayari kichwani, nikamshukuru.

Juzi mama mmoja wa upande wa Karungu alipata namba yangu akanipigia. Binti yake mkubwa yuko Saudia. Alisikia habari ya pazia, akaogopa, akamtoa mdogo wake, Emmaculate, aende na yule kijana msafi kumtambua dada.

Ilikuwa kabla ya Mourine.

Yule wa Saudia yuko salama. Anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama Emmaculate amepatikana.

Bado.

Kwa hivyo akina mama, muepuke haya:

– Usiache kuongea na mtoto wako kwa sababu mtu mwingine amekuambia uache. Mtu akikuambia umblock mwanao, mblock yeye.

– Usimwamini mtu kwa sababu hajaomba pesa. Kuna wanaotaka kitu kingine.

– Usimtoe mtoto wa nyumbani kwenda kumwokoa wa ng'ambo. Hakuna ofisi ya serikali inayofanya hivyo.

– Usiende ubalozi kwa maelezo ya mtu wa ufuoni. Uliza ofisi ya chifu, uliza kanisani, uliza mwalimu yeyote. Waulize wote.

– Usimpe mtu simu ya mtoto wako aizime.

– Usifanye jambo la mtoto kwa siri. Mimi ningemwambia Helen siku ya kwanza, yangeishia kwenye gunia la mahindi.

– Usikubali kuonyeshwa tu uso. Mwambie mtoto atoke nje na simu, atembee, aongee na mpita njia.

– Usiseme kitu ni uongo kwa sababu tu hakijawahi kutokea kwenu.

– Na ukikutana na msichana anayeitwa Emmaculate, mwembamba, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, usipite. Muulize kwao ni wapi. Akisema Karungu, mwambie mama yake anamngoja.